Watu Kumi Kando ya Ziwa: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Lubumbashi kuna sinagogi lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, mji ukiitwa bado Élisabethville. Waliolijenga ni Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, watu wa Kiladino nyumbani na Kifaransa dukani, waliokuja na neema ya shaba wakatawanyika Katanga wakiuza vitambaa na kununua samaki. Mwaka 1937 walimpata rabi, Moïse Lévy, kijana wa Rhodes kama wao, naye akawahudumia mpaka 1991. Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150, na baadhi yao wakaja kuanza upya kwa ndugu zao Kongo. Kufikia uhuru, Wayahudi wa nchi nzima walikadiriwa kuwa 2,500. Zikaja ghasia za 1960, kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, jina la Wakongo wakati huo. Watu wakafunga mizigo. Jengo lipo mpaka leo. Wa kulijaza ndio hawapo.

Sasa vuka uende Mbale, mashariki ya Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekwisha kuwachoka Waingereza na ahadi zao, alitahiriwa pamoja na wanawe, akasema yeye na watu wake ni Wayahudi. Alikuwa amesoma Torati peke yake, bila rabi. Mwaka uliofuata akapita Myahudi mmoja aliyeitwa Yosef, akakaa nao miezi michache, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Hiyo ndiyo shule waliyoipata kwa muda mrefu. Kakungulu akafa 1928. Idi Amin alipotawala aliipiga dini yao marufuku, na kundi la maelfu likabaki mamia. Amin alianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi. Waliobaki walikaa mezani wakasimulia habari ya Farao bila kuhitaji mfano wa mbali. Leo Abayudaya, ndilo jina lao, wanahesabiwa kuwa kama 2,000, na rabi wao, Gershom Sizomu, aliyepata daraja hilo Marekani mwaka 2008, ni mtoto wa haohao.

Wewe uko Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, huna jengo, na pengine mko familia tatu. Nakuandikia nikifuata mfano wa Mbale. Mwaka wa kwanza kazi yako ni kuhakikisha kwamba kila Ijumaa jioni watu walewale wanakutana, mvua inyeshe au isinyeshe. Mambo mengine yote ya mwongozo huu yanaitumikia kazi hiyo.

Kabla ya kuanza

Anza mwaka pamoja na kalenda. Mwaka wa Kiyahudi 5787 unaingia jioni ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026. Ni mwaka mrefu wenye miezi kumi na mitatu, maana Wayahudi huhesabu miezi kwa mwandamo kama Waislamu, lakini huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19 ili Pasaka isihame majira yake. Jirani yako Mwislamu atakuuliza kwa nini Ramadhani yake inazunguka mwaka mzima na Pasaka yako haizunguki. Jibu ni huo mwezi wa ziada.

Jambo la kusema mapema, tena waziwazi, ni hili: ninyi ni nani? Kalemie ina makanisa mengi yanayoshika Sabato, na yapo yanayotumia nyota ya Daudi, vilemba na maneno ya Kiebrania huku yakimwamini Yesu. Ni imani yao na tuwaheshimu, lakini Uyahudi hauna nafasi hiyo ya Yesu. Anayekuja kwenu akidhani ni kanisa jipya lenye nyimbo nzuri aambiwe siku ya kwanza, kwa upole, kabla hajaleta shemeji zake. Vilevile yule anayedhani mlango huu unatokea Tel Aviv. Abayudaya mamia kadhaa waliingizwa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi wa Kikonsavativu mwaka 2002, na hata hivyo wapo kati yao waliokataliwa na maofisa wa Israeli walipotaka kuhamia huko. Mwenye kutafuta viza usimpe matumaini. Mpe kiti, umwambie ukweli.

Kama hamkuzaliwa Wayahudi, mtahitaji siku moja mahakama ya marabi watatu, tohara kwa wanaume, na kuzama majini. Hilo linaweza kuchukua miaka. Msijiite marabi kwa sasa, na msiogope kujiita wanafunzi. Kongo yupo rabi wa muda mrefu, Shlomo Bentolila, aliyefungua kituo cha Chabad Kinshasa mwaka 1991. Marabi wa Chabad ni Waorthodoksi, na wale wa Mbale wengi wao ni Wakonsavativu. Hawahesabu mambo sawa. Ulizeni pande zote mbili kabla ya kuchagua, kwa sababu swali la kwanza litakalowagonganisha nyumbani ni kama wanawake wanahesabiwa kwenye minyani, yaani wale watu kumi wanaohitajika ili sala ya Kadishi isemwe na Torati isomwe kwa baraka zake. Waorthodoksi wanahesabu wanaume tu. Wakonsavativu wengi wanahesabu wote waliokwisha kubaleghe. Amueni kabla hamjafika tisa, maana mkifika tisa mwanamke wa kumi akiwa amesimama mlangoni, hapatakuwa na mjadala tena, patakuwa na ugomvi.

Serikalini kuna sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, yakiwemo ya dini. Mnaandika katiba, mnapita kwa noteri, mnaomba utambulisho kwa Waziri wa Sheria. Inachukua muda na fedha, kwa hiyo mwaka wa kwanza nawashauri mwandike katiba tu na kuikalia. Kwa shefu wa kartye, nendeni mapema. Papa huyo akisikia habari zenu kutoka kwa jirani kabla hajazisikia kwenu, mtatumia miezi sita kumweleza kwamba hamfanyi siasa.

Siku ya tano jioni

Majina ya siku huchanganya watu, tuyanyooshe. Kiswahili cha Katanga huhesabu kuanzia Jumatatu: siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano ambayo ni Ijumaa, kisha siku ya posho, kisha yenga. Mtu wa Mombasa huanzia Jumamosi, ndiyo mosi yake. Myahudi huanzia Jumapili, na kwake Ijumaa ni siku ya sita. Ukitangaza "tukutane siku ya sita", utakuta theluthi ya watu wamekuja siku nyingine. Sema Ijumaa jioni. Na hilo neno posho linatukumbusha siku ambayo wafanyakazi wa makampuni ya Wabelgiji walipewa mgao wao wa chakula. Wa kwako uchukue siku ya tano, kwa sababu siku ya posho hutanunua kitu.

Siku yenyewe huanza jua likizama. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Pwani, ambaye akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Na Kalemie imependelewa. Anayeishi Brussels huwasha mishumaa ya Shabati, yaani Sabato, Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni, na Juni hungoja karibu saa nne za usiku. Kwako wewe, nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika 5 na saa kumi na mbili na dakika 27, mwaka mzima. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Ukizoea kuiwasha saa kumi na moja na nusu hutakosea wiki hata moja. Ila usiazime ratiba ya Kigoma. Jua ni lilelile lakini saa zao zimetangulia zetu kwa saa nzima.

Mishumaa miwili inatosha. Ikikosekana, taa ya mafuta yenye utambi wa pamba inafaa. Kabla ya kuwasha, kila mtu atie chochote kwenye mkebe wa sadaka, kwa sababu baada ya hapo fedha haziguswi mpaka kesho usiku. Divai ya zabibu iliyotengenezwa na Wayahudi hutaipata sokoni. Unaweza kuloweka zabibu kavu siku chache, ukazichemsha na kuzikamua. Au ufanye kama maskini wengi walivyofanya, useme kidushi, baraka ya kuitakasa Shabati, juu ya mkate. Mikate iwe miwili, mizima, imefunikwa kitambaa. Mkate wa kuoka nyumbani ni bora kuliko wa dukani, kwa maana unajua kilichomo.

Kwa Shabati hamuwashi moto, lakini chakula cha moto kinaruhusiwa kama kilishaiva na kuachwa motoni kabla ya jua kuzama. Hapa mbabula ni rafiki yako. Pika maharage Ijumaa mchana mpaka yaive kabisa. Makaa yakishakolea, yafunike kwa majivu, weka bati juu, teleka sufuria juu ya bati, funika kwa blanketi kuukuu lisilofikia moto. Kesho saa sita utafunua maharage mekundu, mazito, yenye ladha ambayo ya siku moja hayana. Wayahudi wa dunia nzima wana chakula cha namna hii, kila mahali na jina lake. Sharti moja lisilo na mzaha: mbabula ilale nje, au kwenye banda lililo wazi. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu usingizini.

Usomaji uwe mfupi. Torati imegawanywa katika mafungu 54 ili imalizike kwa mwaka, na kila fungu lina jina lake. Gombo lenyewe la ngozi lililoandikwa kwa mkono ni makumi ya maelfu ya dola, na unyevu wa ziwani haulipendi; liwekeni kando ya mawazo yenu. Someni katika Biblia mlizo nazo, lakini jueni hila yake ndogo. Zaburi ya 92 ndiyo wimbo wa Shabati. Katika Kiebrania, na katika Biblia ya Kifaransa ya Segond, kichwa cha zaburi kinahesabiwa kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo ina aya 16. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union ziko 15. Papa anayesoma Kifaransa na mama anayesoma Kiswahili watabishana usiku kucha wakati wote wawili wako sawa. Na imbeni! Abayudaya walizitia zaburi katika Luganda kwa sauti za kwao, na albamu ya nyimbo zao iliyotoka 2003 ilifika kushindania tuzo ya Grammy. Mwenye sauti nzuri wa kundi lako apewe zaburi moja kwa mwezi aitafutie sauti ya Kiswahili.

Shabati hutoka nyota tatu zikionekana. Kalemie jua huzama nyuma ya vilima na giza huanzia upande wa ziwa, kwa hiyo mtoto aliyetumwa kuhesabu nyota asimame akitazama maji, upande wa Tanzania. Masika mawingu yakitanda, ngojeni dakika 45 baada ya jua kuzama. Ndipo ufungue daftari, kwa sababu hata kuandika kulikuwa kumezuiliwa. Daftari lina mistari mitatu kwa wiki: waliokuja ni wangapi, kilisomwa nini, nani hakuonekana. Huo mstari wa tatu ndio unaojenga jumuiya. Asiyeonekana atembelewe Jumapili, bila kusubiri wiki ya pili.

Samaki, na kwa nini usile nyama

Nyama ya kosheri inahitaji mchinjaji aliyefundishwa na kupimwa. Ya halali haihesabiki kuwa kosheri, ingawa zinafanana kwa mbali, na jirani yako Mwislamu asikasirike ukimwambia hivyo. Yeye mwenyewe ana masharti yake. Ushauri wangu ni mwaka mzima bila nyama. Unaokoa fedha, na tena huna haja ya vyombo viwili-viwili vya nyama na vya maziwa. Mko kwenye ziwa ambalo lina samaki wa kutosha.

Torati inataka mapezi na magamba. Nenda pale samaki wanaposhushwa asubuhi, mitumbwi ya usiku ikirudi na taa zake. Mama muuzaji atakuita, "Papa, njoo, hizi ni za leo." Usijibu bei kwanza. Chukua samaki mkononi, pitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani. Gamba likitoka peke yake, ngozi ikabaki nzima, uko salama. Mikebuka anapita, sangala anapita, kuhe anapita, ngege anapita. Kambale ni ngozi tupu, ana sharubu, humli hata akipikwa na nani. Ndagala wana magamba, madogo sana, ila wale waliokaushwa mchangani huchanganyika na vidudu vingine. Mwaga kwenye ungo, chagua kama unavyochagua mchele. Lenga-lenga ioshwe kwa maji ya chumvi na kila jani litazamwe kwenye mwanga, kwa maana wadudu ni haramu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Sombe usinunue iliyokwisha kupikwa, huwezi kujua imepikwa na nini. Bukari, yaani ugali, haina tatizo lolote.

Tukiwa kwenye maji: ziwa lenyewe ni mikve, mahali pa kuzama kwa utakaso. Jumuiya nyingi duniani huchimba na kutengeneza birika la maji ya mvua kwa vipimo vya shida. Ninyi mna kilomita 670 za maji bila fundi. Nendeni alfajiri, wawili au watatu, mmoja akitazama mamba na kiboko, na msinywe. Kipindupindu hakiondoki Kalemie, na hata maji ya kunawa mikono kabla ya mkate yawe yametiwa dawa. Kwa sababu hiyohiyo ya ziwa msikodi chumba cha mikutano karibu na ufuko. Miaka ya karibuni maji yalipanda yakaingia majumbani.

Sikukuu zenye kazi

Siku ya kwanza ya mwaka, Septemba 12, inaangukia Shabati, na shofari, baragumu ya pembe, haipigwi Shabati. Ipigeni Jumapili tarehe 13. Pembe ya kondoo dume ndiyo bora, na ya tandala inatumika pia kwa Wayahudi wa Yemeni. Ya ng'ombe haifai. Ichemsheni muda mrefu mpaka kiini kitoke, mkate ncha, mtoboe. Itanuka, fanyeni nje.

Kufunga kwa Yom Kipuri kunaanza Jumapili tarehe 20 jioni na kwisha Jumatatu usiku, saa 25 bila chakula wala maji, katika joto la mwisho wa kiangazi. Watoto hawafungi. Mwenye malaria, mwenye kuhara na mjamzito aliyeambiwa na daktari asifunge, wanakunywa na kula, na huko kula ni kushika sheria.

Kisha Suka, kibanda cha siku saba, kuanzia jioni ya tarehe 25 Septemba. Paa liwe la majani yaliyokatwa, michikichi au matete, lipitishe nyota. Fundi jirani atataka kuwasaidia kulitengeneza lisivuje. Mshukuruni na mkatae. Mimea minne ya sikukuu ni shida zaidi, kwa maana limau haliwezi kushika nafasi ya tunda la etrogi na mchikichi haushiki nafasi ya mtende. Mwaka wa kwanza iacheni. Lakini tarehe 3 Oktoba kuna sala ya kuomba mvua, na hapa Kalemie inawashinda Wayahudi wa Sydney. Sala hiyo ilitungwa kwa majira ya nchi ya Israeli, ambako mvua huanza Oktoba na kukoma karibu na Pasaka. Huko Australia wanaomba mvua ya watu wa mbali. Ninyi mkiomba, mawingu ya kwanza yako tayari juu ya vilima, na Pasaka ikifika mtaona mvua ikikaribia kukoma, kama kitabu cha sala kinavyosema.

Hanuka ni nyepesi. Mwaka huu mshumaa wa kwanza unaangukia Ijumaa tarehe 4 Desemba: uwashwe kabla ya mishumaa ya Shabati, uwe na mafuta ya kutosha. Purimu ni tarehe 23 Machi 2027, waachieni watoto.

Pasaka ndiyo mtihani. Mkesha ni Jumatano tarehe 21 Aprili 2027. Kwa siku nane nyumba haina chachu, na watu wengi hapa huogopa wanaposikia hivyo kwa sababu muhogo hulowekwa mpaka uchache. Tulieni. Kinachokatazwa ni ngano, shayiri na ndugu zake, nafaka tano tu. Muhogo si nafaka hata ukichacha wiki nzima. Mahindi na mchele, Waashkenazi huviepuka, Wasefaradi wengi huvila. Mimi ningewafuata Wasefaradi: ndio waliokuwa Wayahudi wa Katanga, na nyumba isiyo na bukari kwa siku nane itavunjika moyo. Bia ya shayiri itoke, na mandazi, biskuti na makaroni.

Mkate usiochachwa mtauoka wenyewe. Maji yatekwe jioni ya kuamkia siku ya kuoka, yalale yapoe. Unga wa ngano uwe mkavu, haujawahi kuguswa na maji. Kuanzia maji yanapogusa unga mna dakika 18 mpaka mkate uwe umeiva, kwa hiyo kandeni kidogo-kidogo, ngumi moja kila mara. Mmoja amimine, mmoja akande, wawili wasukume, mmoja achome matundu kwa uma, mmoja asimame kwenye bati la moto mkali, na mtoto mwenye simu atangaze dakika. Chupa ya kusukumia isiwe ya bia, hata iliyooshwa. Nimeona watu wakifika dakika ya kumi ndipo wakalikumbuka hilo. Mkate wa kwanza utaungua na wa pili utakuwa kama kigae. Wa tatu unalika. Mezani wekeni majani machungu, na msimulie habari ya Misri kwa Kiswahili, maana mtoto lazima aulize maswali yake kwa lugha anayoota nayo.

Shavuoti ni tarehe 11 Juni, na usiku wa kusoma ni ule wa kuamkia siku hiyo. Tisha be-Av ni tarehe 12 Agosti, kufunga tena.

Mkebe na kaburi

Fedha za ndani kwanza. Likelemba ya watu kumi, kiasi kidogo kila mwezi, na fungu moja la kila mzunguko liwe la jumuiya. Mkipata mfadhili wa nje mapema mno, mtajifunza kuandika ripoti kabla ya kujifunza sala. Mnachoweza kuiga Mbale ni hili: mwaka 2004 Joab Jonadab Keki aliwaunganisha wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika wa Mirembe Kawomera, wakauza pamoja nje kwa bei nzuri. Riziki iliwapitia majirani pia, na jirani anayepata riziki nawe hasikilizi uvumi juu yako.

Matumizi ya kwanza makubwa yasiwe ukumbi. Yawe kiwanja cha kuzikia, au makubaliano ya maandishi juu ya kona ya makaburi. Kifo hakisubiri mjiandae. Teueni wanawake watatu na wanaume watatu wa kuosha maiti, wanunue mapema jora la pamba nyeupe isiyo na nakshi. Jeneza ni mbao tupu. Kuzika ni haraka, kesho yake kama si leo. Hapo mtagongana na ukoo, maana matanga ya hapa yana muziki, fulana zilizochapishwa picha na wageni wa wiki nzima wanaolishwa na mfiwa. Kwa Wayahudi mfiwa hukaa siku saba nyumbani na hapiki. Mlo wake wa kwanza baada ya mazishi hutoka kwa majirani, mayai na kitu cha duara. Elezeni ukoo siku ambayo hakuna msiba. Shangazi ataguna, halafu atauliza kama ni kweli mfiwa hatumii hata franga moja.

Mwaka 5788 unaingia jioni ya Ijumaa tarehe 1 Oktoba 2027, na siku yake ya kwanza ni Shabati tena, shofari Jumapili. Wiki hiyo kaeni na daftari la zamani, mhesabu ni Ijumaa ngapi zilizoandikwa, mpitie majina ya wasioonekana. Kisha mmoja wenu aende kununua daftari jipya. Aende Ijumaa asubuhi, kwa sababu jua likizama fedha haziguswi wala kalamu haishikwi mpaka Jumapili usiku, nyota tatu zikiwa juu ya ziwa.